Bandeji ya mkono ulioumia: ianzie kwenye kifundo au kwenye vidole?

#1 MleziWaKlabu (Kisumu)

Salaam wanajukwaa. Ninalea klabu ya huduma ya kwanza katika shule moja ya upili hapa Kisumu, na wanafunzi wangu wamefunzwa na wakufunzi wawili ambao hawakubaliani. Wa kwanza alianzia kwenye kifundo cha mkono. Aliweka mkia wa bandeji upande wa ndani wa kifundo, karibu na shina la kidole gumba, akazungusha mara mbili ili ishike, kisha akaipitisha mshazari juu ya mgongo wa kiganja hadi usawa wa ukucha wa kidole cha mwisho, akaivusha mbele ya vidole na kuirudisha mshazari kifundoni, akaendelea kwa umbo la namba nane mpaka kiganja chote kikafunikwa. Kidole gumba na ncha za vidole alivinyima bandeji kwa makusudi. Wa pili alianzia kwenye shina la vidole, akapanda kuelekea kisugudi, na akawaambia wanafunzi kwamba anayeanzia kifundoni anaufungia uvimbe mkononi usipate pa kwenda.

Wote wawili wana vyeti na uzoefu. Mashindano ya huduma ya kwanza yako karibu na wanafunzi wanataka kujua wafuate lipi. Mimi nadai wa pili ndiye mwenye haki, kwa sababu damu ya mkononi inatakiwa kurudi moyoni, nayo bandeji inapaswa kuisukuma kuelekea huko. Anayepinga na aeleze sababu.

#2 MuuguziMstaafu (Nakuru)

Mwalimu, hongera kwa kuwa na wanafunzi wanaouliza. Naomba nirekebishe hoja yako ya mwisho kabla haijaota mizizi. Damu ya mkononi ina njia mbili: ateri huileta na vena huirudisha. Ateri husukumwa na nguvu ya moyo, na nyingi zimelala ndani kidogo, ilhali vena za mgongo wa kiganja ziko juu juu tu, unaziona kwa macho, na kuta zake ni laini. Bandeji ikikazwa kupita kiasi kifundoni, njia ya kurudi huziba kabla ya njia ya kuja. Damu inaendelea kuingia bila kutoka, na mkono unavimba zaidi ya ulivyokuwa kabla ya kufungwa. Jambo hilo laweza kutokea hata ukianzia kwenye vidole, iwapo utaongeza mkazo kadiri unavyopanda.

Kuhusu swali lenyewe, nadhani wakufunzi wako walikuwa wakifanya kazi mbili tofauti. Ikiwa nia ni kushikilia shashi juu ya kidonda, unaanzia kifundoni kwa sababu hapo ni pembamba kuliko kiganja, na bandeji ikishikwa hapo haitelezi. Ikiwa nia ni kukandamiza uvimbe wa mkono ulioteguka, unaanzia chini na kupanda, mkazo ukiwa mkubwa kidogo kwenye vidole na kupungua juu. Wodini tulifanya yote mawili na hakuna aliyekaripiwa, mradi kila mzunguko ulifunika thuluthi mbili za ule uliotangulia na kichwa cha bandeji, yaani sehemu ambayo bado imeviringwa, kikae juu, kikifunguliwa sentimita chache tu kwa wakati. Ukifungua kipande kirefu kikaning'inia hewani huwezi tena kuuhisi mkazo, unavuta tu.

#3 FundiWelda (Kisumu)

Kwa heshima zote, mama, mimi naona sababu ni kitambaa chenyewe. Katika karakana yetu kuna sanduku la huduma ya kwanza, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na bandeji zilizomo ni zile nyeupe nyembamba za pamba zisizovutika hata kidogo. Ukianza nazo kwenye vidole, mtu akikunja mkono mara moja tu zinateleza zote, kwa hiyo lazima uzitie nanga kifundoni kwanza. Bandeji ya krepu, ile ya rangi ya maziwa inayonyumbulika, hujishika yenyewe kwenye ngozi, na ndiyo imewapa watu uhuru wa kuanzia chini. Naamini mkufunzi wa kwanza alirithi ufundi wake kwa watu wa bandeji za pamba na wa pili kwa watu wa krepu, na kila mmoja anafundisha mazoea ya kitambaa chake akidhani anafundisha tiba.

Niongeze jambo moja kuhusu ununuzi. Ukienda duka la dawa ukaomba bandeji bila kutaja upana, unaweza kupewa ya sentimita 10 au 15, ambayo ni ya mguu. Kwenye kiganja hiyo hujikunja katikati na kufanya mikunjo migumu inayochimba ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa kiganja omba ya sentimita 5. Ukitaka kupanda hadi juu ya mkono, 7.5 inatosha.

#4 KochaWaNdondi (Nakuru)

Nakuru tumekulia kwenye ndondi. Philip Waruinge, aliyeshinda shaba kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na fedha kule Munich mwaka 1972, alikuwa bondia wa mji huu, na mikono ya mabondia hufungwa kila siku ya mazoezi. Bandeji ya bondia wa ridhaa kwa kanuni za kimataifa ilikuwa na upana wa sentimita 5.7 na urefu wa kati ya mita 2.5 na 4.5, ambao unakaribia sana ule wa bandeji mnayoizungumzia. Sisi huanzia kwenye kidole gumba kwa kitanzi, tunashuka kifundoni, tunazunguka mara kadhaa, tunakwenda kwenye shina la vidole, halafu tunarudi kifundoni. Kifundo ndicho msingi. Kifundo kikilegea, ngumi hupinda na mifupa ya kiganja huvunjika, hasa ule wa kidole cha mwisho. Basi mimi niko na mkufunzi wa kwanza, tena bila kusita.

#5 MuuguziMstaafu (Nakuru)

Kocha, kazi yako tunaiheshimu, lakini mkono wa bondia kabla ya pambano ni mzima. Unaukaza ili usipinde, na baada ya mazoezi unafungua. Mkono ulioumia unavimba ukiwa ndani ya bandeji, na mkazo uliokuwa sawa saa tatu asubuhi unaweza kuwa kitanzi ifikapo adhuhuri. Usiwafundishe watoto wa Mwalimu kufunga jeraha kama glovu.

#6 KochaWaNdondi (Nakuru)

Nimekuelewa, mama. Hilo la saa nalikubali. La kuanzia kifundoni silikubali bado.

#7 MwalimuWaFizikia (Vihiga)

Mulembe. Naona mnajadili mahali pa kuanzia ilhali kinachoamua hatari ni mgandamizo, nao unafuata kanuni inayojulikana, inayoitwa kwa jina la Laplace. Mgandamizo chini ya bandeji huongezeka kadiri unavyovuta na kadiri tabaka zinavyozidi, na hupungua kadiri kiungo kilivyo kinene na kadiri bandeji ilivyo pana. Sasa chukua mkono wako mwenyewe. Mzingo wa kifundo ni mdogo kuliko mzingo wa kiganja. Ukivuta kwa nguvu ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kifundo kitapata mgandamizo mkubwa kuliko kiganja hata kama hukukusudia, na hilo ni kinyume cha kile mama Muuguzi alichosema kwamba mkazo upungue kuelekea juu.

Ongeza idadi ya tabaka. Anayefunga namba nane kwa kuanzia kifundoni hupita kifundoni mwanzo, kila anaporudi, na mwishoni tena mara mbili. Kiganja kinapata tabaka mbili au tatu, kifundo kinarundikiwa nyingi. Kwa hesabu hiyo naona njia ya mkufunzi wa kwanza ina hatari iliyojificha ndani ya umbo lake, hata kama mfungaji ana mkono mwepesi.

Tena kiganja si duara. Pembeni kimepinda sana na katikati ni bapa, kwa hiyo bandeji hubana kingo na kuacha mgongo wa kiganja ukiwa umeguswa tu, na uvimbe wa mkono hukusanyika hapo hapo mgongoni. Ndiyo sababu inafaa kuweka pamba katika shimo la kiganja na pedi bapa juu ya mgongo wake kabla ya kuzungusha chochote. Sijaona aliyelitaja hilo hapa, na pengine lina uzito kuliko swali la mahali pa kuanzia.

#8 BintiWaMumias

Nashukuru kwa elimu. Nataka kuleta kisa cha shamba la miwa. Mjomba wangu alikatwa na panga kwenye kiganja cha kushoto, kile kinachoshika muwa, mkono wa kulia ulipoteleza. Watu waliokuwa karibu walimfunga kamba ya katani juu ya kisugudi, ikakazwa kwa kijiti, damu ikaendelea kutoka na mkono ukawa wa zambarau. Mama mmoja aliyekuwa akichuma mboga pembeni ndiye aliyeamuru kamba ifunguliwe. Alikunja kitambaa safi kikawa pedi nene, akakiweka juu ya jeraha, akamwambia mjomba akunje ngumi juu yake kwa nguvu zote na kuinua mkono juu ya kichwa, kisha akapasua ukingo wa leso yake na kuizungusha ngumi nzima, kidole gumba kikiachwa nje. Damu ilipungua mbele ya macho yetu. Mama yule alianzia palepale penye damu. Kifundo kilifungwa mwisho, na vidole vilikuwa ndani. Je, kuna mkufunzi anayefundisha hivyo?

#9 AfisaTabibu (Bungoma)

Dada, yupo. Hiyo ni njia ya zamani na inafundishwa hadi leo kwa jeraha refu lililovuka kiganja: pedi, ngumi, mkono juu, bandeji juu ya ngumi. Mama huyo alifanya vyema sana, pia kwa kuiondoa kamba, kwa sababu kamba nyembamba iliyokazwa nusu huziba vena na kuacha ateri wazi, jambo ambalo huongeza damu badala ya kuizuia. Kifaa cha kuzibia damu kabisa kinahitaji kuwa kipana, kikazwe kikamilifu na saa iandikwe, nacho ni cha damu inayohatarisha uhai ambayo kugandamiza kumeshindwa kuizuia.

Kuna masharti mawili. Ngumi haikunjwi iwapo kuna kitu kilichochomeka ndani ya kidonda au iwapo mifupa inaonekana kuvunjika. Vilevile kila aliyekatwa kiganja aombwe kukunja na kunyoosha kila kidole peke yake, na kueleza kama anahisi ncha zake. Asiyeweza kukunja kidole kimoja huenda amekatwa kano, na asiyehisi upande mmoja wa kidole huenda amekatwa neva. Bandeji nzuri kwa nje inaweza kuficha jambo hilo mpaka kano zirudi nyuma na upasuaji uwe mgumu. Hao wapelekwe hospitali kubwa siku ileile.

Na damu ikipenya kwenye bandeji? Hapo pia wakufunzi hutofautiana. Kwa miaka mingi tulifundishwa kuongeza bandeji ya pili juu ya ya kwanza. Siku hizi wengi husisitiza kwamba damu inayopenya ni ishara kuwa hukugandamiza mahali penyewe, kwa hiyo fungua, tafuta panapotoka damu, na ugandamize upya.

#10 FundiWelda (Kisumu)

Ahsante sana daktari. Hata kwa leso ya dada Mumias, naona kitambaa ndicho kilichoamua. Leso haivutiki, na ndiyo maana ngumi ilihitajika kufanya kazi ya kukaza.

#11 MwendeshaBoda (Kakamega)

Wakubwa, mimi naona mnazungumzia damu, lakini sisi wa bodaboda shida yetu ni kuanguka bila damu. Pikipiki ikiteleza kwenye murram mtu hutanguliza kiganja. Rafiki yangu wa stejini alianguka hivyo, akaenda duka la dawa, akafungwa krepu kuanzia vidoleni hadi karibu na kisugudi, akaambiwa asiiguse kwa wiki nzima. Vidole havikuvimba. Uvimbe wa kifundo umepungua. Lakini akishika kilachi anasikia maumivu kwenye kile kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba ukikinyoosha. Nilisoma pia kwamba unabonyeza ukucha na rangi ikirudi ndani ya sekunde tano mambo ni salama. Je, bandeji imefanya kazi au la?

#12 AfisaTabibu (Bungoma)

Ndugu yangu, mwambie rafiki yako aende akapigwe picha ya eksirei. Maumivu kwenye kishimo hicho baada ya kuanguka kwa kiganja ni ishara ya kuvunjika kwa mfupa mdogo wa kifundo uitwao skafoidi. Mfupa huo hupata sehemu kubwa ya damu yake kwa kuingilia upande wa mbele, ulio karibu na vidole, kwa hiyo ukikatika katikati kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa. Picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa wowote, ndiyo maana mgonjwa mwenye dalili hiyo huwekewa gango au plasta ngumu hata kama picha ni safi, kisha huangaliwa tena baada ya siku 10 hadi 14. Uvimbe kupungua hakuthibitishi kwamba mfupa ni mzima.

Sekunde tano si sahihi. Ukibonyeza ukucha ukawa mweupe kisha ukauachilia, rangi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde 2. Upimaji ufanywe mara tu bandeji inapomalizika, kisha kila dakika 10 mwanzoni, maana uvimbe huendelea kuongezeka. Kusema mtu asiiguse kwa wiki ni ushauri wa hatari. Krepu ya kukandamiza hulegezwa au kutolewa usiku wakati wa kulala na hufungwa upya asubuhi, kwa sababu aliyelala hahisi ganzi inapoanza.

#13 MjukuuWaMganga (Bungoma)

Nimesoma kwa makini, na nina jambo la kusema kwa niaba ya wazee. Bibi yangu aliganga mifupa kijijini kwetu kabla ya zahanati kujengwa. Hakuanzia kifundoni wala vidoleni. Alianza kwa kupapasa mkono wote kwa ncha za vidole, macho ameyafumba, mpaka ajue penye maumivu, kisha alilaza majani laini, akapanga mabanzi ya mianzi pande zote na kuyafunga kwa kamba za gome la mti kuanzia palipovunjika kwenda pande zote mbili. Wengi walipona na wakarudi kulima. Katika vitabu vyenu sijaona anayeanzia katikati, na bado ilifanya kazi.

#14 AfisaTabibu (Bungoma)

Namheshimu bibi yako, na kupapasa kwa makini namna hiyo ni jambo ambalo sisi wenyewe tungepaswa kulifanya zaidi. Hata hivyo mabanzi yaliyofungwa kwa kukazwa kuzunguka mkono mzima ndiyo yaliyonionyesha vidole vyeusi. Nilimpokea mtoto ambaye mkono wake ulifungwa na mgangaji mmoja, akalia usiku kucha, na wazazi wakaambiwa kilio ni dalili ya mfupa kurudi. Alipofika kwetu vidole vilikuwa baridi, vimekunjamana kama kucha za ndege, na ukijaribu kumnyooshea kidole kimoja anapiga kelele. Richard von Volkmann, daktari mpasuaji wa Ujerumani, alieleza hali hiyo mwaka 1881 na kuihusisha na bandeji zilizokazwa kupita kiasi: misuli ya mkono hukosa damu kwa saa chache, hufa, kisha hujikunyata na kuivuta mikono iwe na umbo hilo kwa maisha. Mtoto akilia zaidi baada ya kufungwa kuliko kabla ya kufungwa, bandeji inafunguliwa hapohapo, yote, mpaka ngozi ionekane. Hakuna kusubiri asubuhi.

#15 MjukuuWaMganga (Bungoma)

Pole kwa mtoto huyo. Bibi alikuwa akikesha na wagonjwa wake na kulegeza kamba alfajiri, na nadhani hapo ndipo ufundi ulipokuwa. Waliomwiga waliichukua mianzi wakaliacha lile la kukesha.

#16 MvuviWaDunga (Kisumu)

Omera, na sisi wa ziwani mtusaidie. Ndoana ya mbuta ikizama kwenye kiganja, au miba ya pezi lake la mgongoni ikidunga kati ya vidole, tunafungaje? Kuna wanaofunga bandeji juu ya ndoana ili isicheze, na wanaovuta kwanza.

#17 MuuguziMstaafu (Nakuru)

Mwanangu, ndoana yenye mwiba wa nyuma usiivute palepale ufuoni, wala usiifunge kwa juu, kwa kuwa kila mzunguko wa bandeji utaizamisha. Kata uzi, jenga ukuta wa pamba au vitambaa vilivyokunjwa pande zote mbili za ndoana mpaka uwe juu kuliko ndoana yenyewe, kisha pitisha bandeji mshazari upande huu na upande ule bila kugusa katikati. Hapo utaanzia kifundoni, maana ndipo pa pekee penye nafasi ya kushika. Dungo la mwiba lioshwe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, lisifungwe kwa kukazwa, na mtu aulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Kidole kikianza kuvimba na kuuma kukinyoosha, aende hospitali bila kuchelewa.

Na wote mnaosoma, pete na bangili zitolewe kabla ya kufunga, hata kama mkono bado haujavimba. Pete iliyobaki ndani ya bandeji ni kitanzi ambacho huwezi kukilegeza.

#18 KochaWaNdondi (Nakuru)

Vipi kuhusu barafu? Tuliambiwa daima barafu kwanza, bandeji baadaye.

#19 AfisaTabibu (Bungoma)

Barafu ifungwe kwenye kitambaa, ikae dakika 15 hadi 20, isigusane na ngozi. Hupunguza maumivu. Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyeieneza kanuni ya kupumzika, barafu, mkandamizo na kuinua mwaka 1978, baadaye mwenyewe aliandika kwamba barafu yaweza kuchelewesha kupona, kwa hiyo msiitumie kutwa. Kilicho kibaya zaidi ni kukanda kwa maji moto siku mbili za mwanzo, au kupaka dawa ya kuchua inayowasha kisha kufunga krepu juu yake. Nimeona ngozi iliyoungua kwa namna hiyo.

#20 MleziWaKlabu (Kisumu)

Nashukuru nyote. Wanafunzi wamejaribu njia zote mbili wao kwa wao, mikono mizima, bandeji za pamba za sanduku la shule. Waliofungwa kuanzia kifundoni walibeba ndoo, wakaandika na kukunja nguo bila bandeji kuhama. Waliofungwa kuanzia vidoleni walilalamika kwamba kingo ya chini inalegea na kujikunja kiganjani, lakini kifundo chao hakikuacha alama nyekundu, wakati baadhi ya wenzao wa kifundoni walikuwa na mistari iliyochukua muda kufifia. Kwa hiyo hoja ya Mwalimu wa Fizikia imepata ushahidi, na ya Kocha pia, na ndugu Fundi atasema kila kitu kilitokana na pamba.

Dai langu la mwanzo kuhusu damu nimeliondoa. Swali ninalobaki nalo ni la mwamuzi wa mashindano, ambaye atakuwa na karatasi moja yenye njia moja.

#21 MwalimuWaFizikia (Vihiga)

Mistari hiyo ndiyo tabaka nilizotaja. Waombe warudie njia ya kifundoni, lakini wakirudi kifundoni kila mzunguko ukae kando kidogo ya ule uliotangulia, ukipanda kuelekea kisugudi, badala ya kurundikana mahali pamoja.

#22 MuuguziMstaafu (Nakuru)

Na wapimaji wasisahau baridi. Kule Molo asubuhi ukucha wa mtu mzima usiofungwa chochote unaweza kuchelewa kurudisha rangi, kwa hiyo linganisha daima na mkono wa pili. Kwa ngozi yetu nyeusi weupe wa mgongo wa kiganja hauonekani kirahisi. Angalieni kucha na upande wa ndani wa vidole, mguse kama kuna ubaridi, na mumuulize kama anasikia ganzi au mchomo. Mwamuzi mwenye busara atamtazama mtoto anayefanya hayo kabla ya kutazama bandeji ilianzia wapi. Asiye na busara mpeni njia ya kifundoni, maana katika mafunzo mengi niliyoyaona hiyo ndiyo iliyochorwa.

#23 KochaWaNdondi (Nakuru)

Mama amekuja upande wangu.

#24 FundiWelda (Kisumu)

Hajaja, amemzungumzia mwamuzi. Mwalimu, jaribio lako lina kitambaa cha aina moja tu, kwa hiyo haliwezi kunijibu. Nitaleta krepu mpya shuleni Jumamosi, pamoja na bandeji ya pamba ambayo haijafuliwa, kwa sababu krepu iliyofuliwa mara nyingi hupoteza mvuto wake na kuwa kama pamba ya kawaida. Niambie saa.

#25 MleziWaKlabu (Kisumu)

Karibu sana, ndugu Fundi. Saa nne asubuhi, na tafadhali zote mbili ziwe za sentimita 5, ili upana usije ukaingia kwenye hoja.